SOMO LA UFUNDI: BREKI ZA NYUMA ZA PIKAPU



Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakipewa nguvu sawa na ya mbele, yatafunga kwanza, na gari litageuka mkia mbele, hasa kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa. Kwa sababu hiyo Toyota Hilux nyingi za zamani zina vali ya kugawa nguvu ya breki. Imefungwa kwenye chesisi, juu ya ekseli ya nyuma, na ufito wa chuma unaiunganisha na ekseli. Gari likibeba magunia, nyuma hushuka, ufito husukuma mkono wa vali, na breki za nyuma hupata nguvu zaidi.

Kabla ya kuilaumu vali, fungua dramu. Tazama viatu vya breki na silinda ndogo, maana mara nyingi ubovu uko huko.

Kama gari tupu hufunga nyuma kwanza, huenda vali imekwama katika hali ya mzigo. Kama gari lenye mzigo huinamisha pua na kuchelewa kusimama, na viatu vya nyuma havilikiki, vali hainyimi bure: huenda ufito umekatika, au mkono umeshikwa na kutu na matope. Zuia magurudumu kwa mawe, ingia chini, fungua ufito upande wa ekseli, usukume mkono kwa kidole. Lazima uende na kurudi bila kukwaruza. Mpira wa vali ukiwa umelowa mafuta ya breki, vali imekwisha, usiifungue, ibadilishe.

Kuna jambo ambalo wenye magari hawapendi kusikia. Ukiongeza springi ili ubebe zaidi, nyuma hunyanyuka na vali hudhani gari ni tupu. Basi gari limejaa watu, na breki za nyuma hazipati nguvu. Springi zikibadilishwa, ufito nao urekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Wengine huiondoa vali na kuunga bomba moja kwa moja. Gari husimama vizuri likiwa na mzigo, kisha hupinduka likirudi tupu. Fundi asikubali kazi hiyo hata akiongezewa pesa.

Baada ya kufungua bomba lolote, toa hewa magurudumu yakiwa chini. Ekseli ikining'inia kwenye jeki, vali hubana. Vali nyingi za Hilux zina skrubu yake ya kutolea hewa; isisahaulike. Tumia mafuta ya breki tu, DOT 3. Oili ya injini huvimbisha mipira yote, na utaanza upya kuanzia pampu kubwa.

Jaribu gari kwanza tupu, polepole, mahali pasipo watoto.