Soriasisi kwenye Ngozi Nyeusi: Ultrasaundi Huona Uvimbe Uliojificha

Vitabu vingi vya udaktari huieleza soriasisi kwa madoa mekundu yenye magamba meupe. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, kama ya wengi wetu hapa Mvita, wekundu huo mara nyingi hauonekani. Doa huwa la zambarau, kahawia au kijivu, likadhaniwa ni choa au pumu ya ngozi, huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini.

Picha inaonyesha nini?

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, wala haijali rangi ya ngozi. Kifaa cha megahezi 15 au zaidi huonyesha ngozi ilivyonenepa. Dopla, aina ya ultrasaundi, huonyesha damu inavyokimbilia penye uvimbe, hata doa likiwa limeanza kufifia.

Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi hupata pia ugonjwa wa viungo. Eksirei huonyesha mfupa ulioliwa tayari; uvimbe wa mwanzo huonekana kwa ultrasaundi au MRI. Utafiti wa Dublin uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba waliochelewa miezi 6 kumwona mtaalamu wa viungo walipata madhara zaidi ya viungo.

Usingoje ukiona haya

- Viungo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa
- Kidole kizima kuvimba
- Kisigino kuuma
- Kucha kuingia vishimo au kubanduka

Ukienda kupimwa

Anza kwa daktari wa ngozi. Hapa kisiwani Mvita, hospitali ya umma ya rufaa ni Coast General. Uliza kama wana Dopla na kifaa cha ngozi na viungo, kwani kile cha kupimia mimba hakifai kazi hii. Usipake liwa, hina wala mafuta mazito panapopimwa. Taja dawa zote unazotumia: za maumivu na steroidi zaweza kuficha uvimbe kwenye picha, lakini usiziache bila kuambiwa na daktari. Picha ikiwa safi na maumivu yapo, rudi. Daktari huamua kwa picha pamoja na dalili.

Kwa jamaa wa mgonjwa

Soriasisi haiambukizi. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu na unyanyapaa wake. Kuleni sinia moja, msali msala mmoja, na mumsindikize kliniki mapema.