Dondoo muhimu: Geji ya mafuta inapodanganya

Land Rover yako ya Series III inasoma tupu huku petroli ingali nusu tangi? Kabla ya kutoka Omurushaka kuelekea Murongo:

1. Usikimbilie kununua geji. Kwanza sugua kutu kwenye waya wa ethi wa tangi.
2. Geji ya joto nayo inayumba? Shuku kidhibiti umeme nyuma ya dashibodi.
3. Zima swichi, chomoa waya wa floti, uufunge kwenye bodi, kisha washa kidogo: mshale ukipanda hadi kujaa, geji ni nzima.
4. Fungua floti uitikise; ikisikika petroli ndani, imetoboka.
5. Usimulike tangi kwa kiberiti, hata kama fundi anakuhakikishia.
6. Hadi ipone, pima kwa kijiti kikavu.