Kulinda Mwito wa Mbali Katika Programu za Tovuti

Programu ya kompyuta hugawanywa katika kazi ndogo ndogo, na kila kazi huitwa kwa jina lake. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California, Marekani, walichapisha maelezo ya namna programu iliyomo katika kompyuta moja iwezavyo kuita kazi iliyomo katika kompyuta nyingine, kana kwamba zote zimo mahali pamoja. Huo ndio mwito wa mbali. Mwaka 1998 ulitungwa utaratibu wa XML-RPC, ambao hupitisha miito hiyo katika njia ile ile ipitishayo kurasa za tovuti.

Urahisi huo una hatari yake: mlango uliofunguliwa kwa programu halali huweza kubishwa na mwizi pia. Mfano ni WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Miito yake mingi ya XML-RPC hubeba jina la mtumiaji na neno la siri. Aidha, upo mwito uitwao system.multicall, ambao hufunga miito mingi ndani ya ombi moja. Mwaka 2015 ilibainika kwamba wavamizi waliutumia kujaribu mamia ya maneno ya siri kwa ombi moja. Seva iliyohesabu maombi iliona moja tu; ilihesabu bahasha, haikuhesabu barua zilizomo. Katika toleo la 4.4, lililotolewa Desemba mwaka huo, jaribio moja likishindwa, yote yafuatayo katika fungu hilo hukataliwa.

Kanuni za ulinzi ni hizi:

1. Kila mwito uthibitishwe na kuhesabiwa peke yake.

2. Mwitaji akishajulikana, iangaliwe kama ana ruhusa ya kazi hiyo. Mwanafunzi aweza kusoma alama zake, lakini asiweze kuzibadili.

3. Kila thamani ikaguliwe na seva yenyewe, kwani ukaguzi ufanywao katika kompyuta ya mwitaji huweza kukwepwa.

4. Mawasiliano yasimbwe, ili neno la siri lisisomwe njiani.

5. Miito isiyotumika ifungwe.

Zoezi: Seva inaruhusu maombi 5 kwa dakika, na kila ombi lina miito 200 ya kujaribu neno la siri. Je, mvamizi atafanya majaribio mangapi kwa saa moja? Ni kanuni ipi iliyovunjwa?

(Jibu: majaribio 60,000, kanuni ya 1.)