Maziwa yanapita kwa shida

Swali: Mashine yetu ya mabamba ya kupashia maziwa huanza asubuhi bila shida. Ikifika mchana, presha ya kuingilia imepanda na maziwa yanapita kidogo. Pampu ni mpya. Nifanyeje?

Jibu: Pampu iache kwanza. Soma geji ya kuingilia na ya kutokea, upande wa maziwa. Tofauti ikikua saa hadi saa, njia kati ya mabamba inaziba. Ikishuka pamoja na mtiririko, tafuta kwingine: chujio limejaa, valvu haijafunguka vizuri au pampu inavuta hewa.

Kwa maelezo yako, nashuku ukoko. Maziwa yakivuka nyuzi 70 hivi, protini zake huganda kwenye chuma pamoja na chumvi za kalisiamu. Ukifungua utaona utando mweupe, laini kama jibini, au ukoko mgumu unaokwaruza kidole. Angalia pia maji ya moto: yakizidi sana joto la maziwa, ukoko hujengeka upesi. Maziwa yaliyoanza kuchacha ni mabaya zaidi.

Suuza, pitisha kostiki ya moto, suuza tena, ndipo asidi ya naitriki. Kasi ya kuoshea isiwe chini ya ile ya maziwa; wengi hukosea hapa.

Nakusihi, usikaze boliti kupita kipimo cha mtengenezaji. Mabamba hupinda, na likitoboka moja, maziwa mabichi yanaweza kuingia kwenye yaliyokwisha kupashwa.