Leseni Unayo, Kiti Bado

Mdogo wangu, hongera kwanza. Najua leseni hiyo ya urubani ilivyopatikana: kuna baba aliyeuza kiwanja, kuna mama aliyemaliza akiba ya kikoba. Umerudi na saa 200 kwenye daftari, ukaomba kazi mashirika yote makubwa, na miezi sita simu haijalia. Usianze kujiona hufai. Unafaa, ila umeanza kubisha mlango wa mwisho.

Saa 200 zinakupa leseni ya urubani wa biashara. Ile ya juu, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inadai 1,500. Hapo katikati ndipo wengi wanapokwama, maana mwenye ndege anauliza umerusha saa ngapi, na bima yake inauliza hivyohivyo.

Basi nenda Kisongo pale Arusha, Wilson kule Nairobi, au Terminal 1 Dar es Salaam, zinakopakia Cessna Caravan za Serengeti, Mara, Zanzibar na Mafia. Nenda mwenyewe, alfajiri. Utamkuta rubani kijana kashika mizani, anapima begi moja moja, kilo 15 kwa mtu, akimwomba mgeni kwa adabu sanduku gumu libaki. Akishapiga hesabu ya uzito na mafuta ndipo anapanda. Huko porini kuna kiwanja cha changarawe ambacho pundamilia wamekikalia, inabidi upite chini kwanza watawanyike, uzunguke, ndipo utue. Ukipata saa 50 kwa mwezi, zile 1,300 zilizobaki zinakwisha kwa miaka miwili na kidogo.

Kiti kikikosekana, omba kazi ya mezani palepale, ya kupanga safari na kupokea mizigo. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliumalizia mezani. Nafasi ilipotokea, walikuwa wananijua kwa jina na wanajua nafika mapema. Ualimu wa urubani nao usiudharau: mwanafunzi analipia saa, na wewe unaziandika kwenye daftari lako.

Kitu kimoja nakusihi sana. Usimrudishe baba benki akope tena maelfu ya dola ili usomee Boeing au Airbus, wakati hakuna shirika lililokuahidi ajira kwa maandishi. Ukikaa bila kurusha ndege hiyo, muda wa mafunzo hayo unapita na deni linabaki pale pale. Kama kuna fedha, somea injini mbili na urukaji wa kutumia vyombo. Hizo karibu kila mwajiri anaziulizia.

Na cheti cha afya cha daraja la kwanza kisikuishie muda hata siku moja. Wakikupigia saa mbili usiku kwamba kesho asubuhi kuna safari ya Seronera, kule Serengeti, hawatakungoja umwone daktari.