Safari ya Shule Oicha: Basi Halipo, Mpango Uwepo

Kijitabu kwa wazazi, walimu, wanafunzi na waendesha taksi-moto

Kwa nini tunasema juu ya njia

Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni nchini Kongo (DRC), iko kwenye barabara ya taifa namba 4, yapata kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamehamisha familia nyingi kutoka vijiji vya wilaya hii, na wengi wamekimbilia hapa. Shule za msingi za serikali hazilipishi tangu mwaka wa masomo 2019-2020, lakini kufika darasani kumebaki mzigo wa mzazi. Mtoto anatembea, au anapanda pikipiki.

Mtoto mwenye basi la shule hupata mambo matatu: saa inayojulikana, kituo kinachojulikana, na mtu mzima anayehesabu watoto. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mafuta. Mtaa unaweza kuyapanga wenyewe.

Kikundi cha njia

Mjini St Albans, Uingereza, wazazi walianza mwaka 1998 kuwapeleka watoto shule kwa miguu katika kundi lenye ratiba na vituo. Kwetu inawezekana hivi:

- Watoto wa njia moja, wasizidi kumi, wakutane mahali pamoja: kwenye bomba la maji, kanisani au dukani.
- Watu wazima wawili wawasindikize, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa zamu za wiki.
- Aliye nyuma awe na orodha ya majina. Ahesabu wakati wa kuondoka, baada ya kuvuka barabara, na mlangoni mwa shule.
- Kundi lifuate mwendo wa mtoto mwenye ulemavu.
- Saa na njia za kikundi zisitajwe kwa mgeni wala kuandikwa kwenye simu za watu wengi.

Tuhesabu mwanga

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Masomo yakianza saa moja na nusu, mtoto ana saa moja na nusu tu ya mwanga. Kwa mwendo wa mtoto mdogo, hizo ni kilomita nne au tano, tena njia ikiwa kavu. Anayeishi mbali zaidi asitolewe gizani. Atafutiwe ndugu wa karibu na shule, au shule nyingine.

Shule yenye zamu mbili iwaweke watoto wa mbali asubuhi. Anayetoka saa kumi na moja na nusu jioni ana nusu saa tu ya kufika nyumbani.

Kando ya barabara kuu

- Magari huenda upande wa kulia. Tembea upande wa kushoto, ukitazama yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine.
- Lori likipita na kuacha vumbi, subiri vumbi litulie kabla ya kuvuka. Pikipiki inayofuata lori haionekani ndani ya wingu lile, na wewe huonekani.
- Usining'inie nyuma ya lori la mbao au la kakao.
- Mvua ikinyesha, kaa mbali na ukingo wa barabara. Magurudumu huteleza kwenye matope na kuelekea kwa watembea kwa miguu.

Kwenye taksi-moto

- Dereva mmoja, mwanafunzi mmoja. Mtoto asiketi juu ya tangi.
- Miguu ikanyage vikanyagio. Asiyevifikia bado ni mdogo kwa pikipiki.
- Shavu la mguu lisiguse bomba la moshi: huunguza hata baada ya injini kuzimwa. Likiunguza, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, usipake mafuta wala dawa ya meno.
- Kanga na kamba za mkoba zifungwe, zisiingie kwenye mnyororo.
- Mzazi amjue dereva kwa jina na namba, na alipe mwenyewe. Safari ya bure ya kila siku kwa msichana huweza kudaiwa kwa njia nyingine. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18.

Usalama ukibadilika

- Kabla ya kuondoka, anayesindikiza aulize kwa mkuu wa nyumba kumi na kwa shule kama njia iko salama. Jibu likikosekana, kikundi kisiondoke.
- Risasi zikisikika, lala chini. Zikitulia, fuata mtu mzima kwenda mbali na sauti, usikimbilie kuona.
- Chuma usichokijua porini usikiguse wala kukitupia jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, umwambie mwalimu.
- Hali ikiharibika wakati wa masomo, shule isiwatawanye watoto. Kila mmoja akabidhiwe kwa mtu aliye kwenye orodha.

Wiki moja kabla ya kufungua shule

Mkuu wa shule na kamati ya wazazi waandike kila mwanafunzi anatoka mtaa gani, anatumia njia gani, na nani anampokea. Mwalimu aite majina asubuhi. Asiyeonekana na hakuna aliyetoa taarifa, mzazi apigiwe simu kabla ya saa mbili na nusu, wakati bado kuna mchana mzima wa kumtafuta.