Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Nyumba Kitale na Bungoma

Mimi na mume wangu tulitaka nyumba iliyokwisha kujengwa, karibu na mji. Tulianza kutafuta Kitale, tukanunua Bungoma. Miji hii ni majirani, lakini kila mmoja una swali lake la kuuliza kwanza.

1. Kitale, uliza hati mama, yaani ile ya shamba lote kabla ya kugawanywa. Mashamba mengi ya walowezi Trans Nzoia yalinunuliwa baada ya uhuru na vyama vya ushirika na kampuni za ardhi, kisha yakagawanywa. Ndiyo maana unaweza kuonyeshwa nyumba ya matofali, umeme umeshaingia, kumbe mwenyewe ana cheti cha hisa tu. Ukilipa hapo, umenunua nafasi kwenye foleni ya kungoja hati.

2. Bungoma, uliza warithi. Hati nyingi bado zina jina la babu aliyefariki, na Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Tulipita kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, na kwa majirani kwanza. Mama mmoja akatutajia dada za muuzaji, walioolewa mbali. Mabinti nao ni warithi.

3. Pima mwenyewe. Dalali atakuambia ploti ya futi 50 kwa 100 ni thumni ya ekari. Hiyo ni futi mraba 5,000. Thumni kamili ni 5,445. Mlete surveya, zitafuteni bikoni zote za mipaka, mlinganishe na ramani.

4. Usiruke bodi ya ardhi. Mji unapomeza mashamba, nyumba huonekana ya mjini ilhali kisheria imesimama kwenye ardhi ya kilimo. Ardhi hiyo huhitaji idhini ya bodi, nayo huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila hiyo, sheria inayahesabu mauziano kuwa batili. Mke au mume wa muuzaji naye aridhie.

5. Bei siyo gharama yote. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kwa nyumba iliyothaminiwa shilingi milioni 3, hiyo ni 120,000 au 60,000, kabla ya wakili, surveya na malimbikizo ya reti za kaunti.

6. Rudia sachi, yaani ukaguzi wa rejista ya ardhi. Kati ya kutia saini na kumaliza malipo, hati inaweza kuwekwa rehani au kuzuiliwa na mdai. Tulifanya sachi kabla ya mkataba, na nyingine kabla ya kutoa salio. Dalali alinuna, wakili wetu alituambia tumwache anune.